Jembe Bila Mpini

Mume wangu anaitwa Baba Obeid. Mimi naitwa Mama Severina. Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni majirani wawili wasiojuana vizuri, kumbe tunalala kitanda kimoja. Obeid ni mtoto wetu wa pili. Severina ni wa kwanza, ila mbele ya watu Severina ni wangu peke yangu, na Adrian, mume wangu huyo, ni yule mwanaume mwenye huruma aliyenioa na mtoto wangu wa nje.

Uongo mtupu. Severina ni wa Adrian, damu na mifupa. Ana paji lake la uso, ana vidole vyake vya miguu, na akikasirika hununa kimya kimya kama yeye. Watu wameyaona hayo yote kwa macho yao na bado wanasema, "Mtoto hufanana na anayemlea." Nimeyasikia maneno hayo kanisani, msibani, kwenye harusi za watu. Nimeyameza mpaka nimevimbiwa.

Siku ya kuyatapika ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba. Alasiri hiyo wakwe walikuwa wanatoka Madibira kuleta mahari ya Severina, nyumbani kwa mama yangu, Kihesa, hapa Iringa. Kijana anaitwa Ezekiel, mtoto wa Mzee Magesa, Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao zamani. Ng'ombe hawakuwa shida kwao. Mkaja wa mama haukuwa shida, wala blanketi la bibi. Lakini katika ukoo wetu, kitu ambacho wazee wanakitazama katika mahari ni jembe.

Jembe huletwa bila mpini. Baba wa binti husimama mbele ya watu, hulichukua, kisha hutoka nje akachonga mpini kwa mkono wake na kuutia. Maana yake huyu binti ana aliyemzaa. Kama binti hana baba, wakwe huleta jembe likiwa na mpini wake tayari, na mjomba hulipokea. Baba wa kambo halishiki. Hata kama amemlea mtoto kama mboni ya jicho lake, halishiki.

Adrian aliniahidi kulishika. Aliniahidi siku ya ndoa yetu, akaahidi tena tulipomzika baba yake, mwinjilisti, ambaye ndiye aliyekuwa anamwogopa. "Siku ya jembe nitasimama, Eve," alisema. "Sitahitaji hata kuongea. Nitasimama tu, watu wataelewa." Basi mimi nikampigia simu Crispin, mshenga wa wakwe, nikamwambia jembe lije bila mpini na asiniulize kwa nini.

Asubuhi hiyo Adrian aliamka mchangamfu kuliko kawaida yake. Tulikuwa tumefika jana yake kutoka Mbeya, tunakoishi tangu tuoane. Iringa tunakuja kwa misiba na harusi tu, tunaondoka kesho yake.

"Mama Severina, vaa viatu vya kutembelea," akaniambia. "Wageni ni alasiri. Leo nakuzungusha mji wetu, tukumbuke tulikotoka."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilivaa hata hereni.

Tulianzia Mlandege, mtaa tuliokulia wote wawili, nyumba yao na yetu zikitazamana. Kwao pamekuwa duka la vifaa vya ujenzi. Kwetu pamebaki ukuta mmoja na mti wa mparachichi. Adrian alisimama katikati ya barabara akinyoosha kidole huku na huku, anacheka peke yake. Hapa ndipo tulipokuwa tunakamata kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha. Pale palikuwa na bomba la mtaa, na mimi nilimpiga na ndoo kwa sababu aliruka foleni.

"Ulikuwa mkali tangu utotoni," akasema.

"Na wewe ulikuwa unaruka foleni tangu utotoni."

Tukacheka. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ungo wa dagaa alitusalimia, "Kamwene," tukaitikia kwa pamoja, na kwa dakika kadhaa nilimpenda sana mume wangu. Nasema ukweli. Alinishika mkono barabarani, kitu ambacho Mbeya hathubutu, maana huko ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa.

Kisha akataka twende shuleni. Sikutaka. Alinivuta tu, akisema wamepaka rangi, pamependeza, tupige picha getini.

Geti ni lile lile. Siku niliyofukuzwa mama yangu alipita pale na tranka langu kichwani, mimi nyuma yake, shule nzima ikiwa mstarini inatutazama. Nilikuwa kidato cha sita, imebaki mitihani tu. Bodi iliniuliza mimba ni ya nani, sikusema. Sikusema kwa sababu Adrian alinifuata nyuma ya jiko la shule akilia, akaniambia, "Tukifukuzwa wote hatutakuwa na chochote. Mmoja asome. Nikimaliza nitasema mwenyewe." Nilipopita na mama nilimtafuta kwa macho mstarini. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Alimaliza, akafaulu, akaenda chuo kikuu. Mimi nikauza vitumbua Kihesa na mtoto mgongoni. Mtoto akaandikishwa Severina Kalinga, jina la baba yangu, kwa kuwa halikuwepo lingine la kumpa. Miaka ilipita ndipo Adrian akaja kunioa, na mji mzima ukamwimbia sifa. Siku ya ndoa mchungaji alihubiri habari za Yusufu, jinsi alivyomchukua Mariamu akiwa na mimba isiyo yake, akamnyooshea mkono Adrian kuwa ndiye Yusufu wa siku hizi. Nilikuwa nimevaa shela, nikatamani kulivua nimpige nalo, mchungaji na bwana harusi wake.

"Tabasamu basi," Adrian akasema akiwa na simu mkononi. "Hapa ndipo tulipojengwa."

"Nani alijengwa hapa?"

"Eve, jamani. Leo tusigombane."

Watani zetu Wangoni husema Mhehe akikasirika anatafuta kamba ya kujinyonga. Mimi sijawahi kutafuta kamba hata siku moja. Nikikasirika namtafuta aliyenikasirisha. Lakini siku hiyo nilijizuia, nikajiambia, mwache apige picha zake, ikifika alasiri atasimama mbele ya watu na deni la moyo wangu litakwisha. Nikatabasamu. Picha ipo, nimeiona baadaye, nimetoa meno kama mbwa.

Tukapanda jiwe la Gangilonga. Utotoni tulikuwa tunateleza pale kwa vipande vya ndoo zilizopasuka, tukirudi nyumbani na sketi na kaptula zimetoboka, tunachapwa. Jina lake maana yake ni jiwe linaloongea. Tulikaa juu, upepo wa Julai unatupiga vumbi usoni, mji mzima uko chini yetu hadi kule barabara inapoteremkia Ipogolo. Adrian akakohoa.

"Unajua, Eve, mwaka huu kanisani mambo yangu yamekwenda vizuri."

"Najua."

"Watu wananitazama. Vijana wanakuja kuniomba ushauri wa ndoa."

"Najua, mimi ndiye ninayewapikia chai."

Akaanza kuokota vijiwe na kuvirusha chini. Nilidhani anaogopa, na nilimhurumia. Nikamwekea mkono begani nikamwambia, "Usihofu. Ni kusimama tu. Ukishasimama, mengine niachie mimi." Akaitikia kwa kichwa. Aliitikia! Nimekaa kwenye jiwe linaloongea na mwanaume asiyeongea, namtuliza, na yeye anajua alichokifanya.

Kushuka, akataka tuchukue bajaji moja kwa moja mpaka Kihesa. Nikasema hapana, mama kaniagiza tangawizi, tupitie Soko Kuu. Akasema tangawizi ipo hata Kihesa. Nikasema ya Soko Kuu ndiyo mama anayoitaka. Akasema amechoka. Huyu mtu aliyenizungusha asubuhi yote amechoka karibu na soko! Nikatangulia, akanifuata.

Nilipata tangawizi, nikawa natoka upande wanakouza majembe na mapanga, na hapo nikamwona Crispin mshenga amechuchumaa kwenye kibanda cha fundi, anachagua mipini. Jembe jipya lilikuwa mkononi mwa fundi, linagongewa mpini.

Nilimsalimia vizuri. Nikamuuliza hilo jembe ni la nani.

"La kwetu hili, mama. La alasiri," akasema, kafurahi kuniona. "Nimetafuta mpini mzuri, nisije nikawaaibisha."

"Nilikwambia lije bila mpini."

Akatazama nyuma yangu, alipokuwa amesimama Adrian. "Si Baba Obeid alinipigia juzi? Alisema mama alichanganya, lete lenye mpini, maana mtoto hana baba. Nikasema sawa. Au nimekosea?"

Nilimgeukia mume wangu, na unajua alikuwa anatazama nini? Viatu vyake.

"Mtoto hana baba," nikasema.

"Eve, twende tukaongelee nyumbani. Watu wanaangalia."

"Waangalie! Wewe umemwambia mtu, kwa mdomo wako, Severina hana baba?"

"Si hivyo. Nilitaka siku ipite salama. Leo ni siku ya mtoto, si siku ya mambo yetu. Nitasema, lakini si leo. Hebu fikiria, nimesimama madhabahuni na watu wananiita Yusufu, leo niseme nini? Nimewadanganya miaka yote? Wataniitaje?"

"Mimi waliniitaje?"

Akatazama kushoto na kulia.

"Nakuuliza, Adrian. Mimi waliniitaje nilipokuwa napita hapa sokoni na ndoo ya vitumbua? Mbona sikufa? Uliwaacha waniite walivyotaka, ukaja ukavishwa taji kwa kuniokota. Umenila ujana, umenila shule, sasa unataka kumla na mtoto?"

Wauza mapanga walikuwa wametuzunguka. Adrian alinong'ona kitu kuhusu heshima. Hilo neno ndilo lililonimaliza. Nilimwambia fundi autoe ule mpini. Akasita, akamtazama mwanaume, kama wanavyofanya. Nikamnyang'anya jembe, nikaligonga kwenye ukingo wa saruji, nikagonga tena, mpaka mpini ukachomoka. Nikamrudishia Crispin jembe tupu.

"Lilete hivi hivi. Ukilitia mpini, nitakufuata mpaka Madibira."

Mpini nikamkabidhi Adrian. Tulirudi Kihesa kwenye bajaji yeye ameubana katikati ya magoti.

Alasiri sebule ya mama ilijaa. Wakwe walikaa upande wa mlango, Mzee Magesa na mkewe Mama Mbuke wakiwa mbele. Upande wetu aliyeongoza ni mjomba Jailos, kaka yake mama, kwa kuwa baba yangu alishafariki. Adrian alikaa kwenye kochi la wazee, suti yake, tai yake. Mimi nilikaa mkekani na mama yangu Faustina. Ng'ombe wakaongelewa, wakakubaliwa. Mkaja nikapokea. Blanketi mama akajifunika papo hapo, watu wakacheka. Kisha Crispin akaweka mkekani kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakifungua, akarudi nyuma haraka.

Kicheko kikakatika.

Mjomba Jailos aliinama akalitazama jembe kwa muda. "Crispin. Hili jembe mbona halina mpini?"

"Ndivyo nilivyoagizwa, mzee."

"Na nani?"

"Na mimi," nikasema.

Mjomba alinitazama. Huyu ndiye aliyenichapa siku niliyorudishwa nyumbani, akitaka jina, na sikulitaja. Akasema polepole, "Kama hakuna kosa, basi baba wa mtoto yumo humu ndani. Asimame alichukue."

Hakuna aliyesimama. Mama Mbuke alikuwa anatazama dari kwa adabu. Mimi nilikuwa namtazama mtu mmoja tu, na nilikuwa nimeapa moyoni: asiposimama, kesho narudi Mbeya kuchukua nguo zangu tu.

Adrian akasimama. Alitembea mpaka mkekani, akainama, akaliokota jembe.

Na unajua watu walifanya nini? Walipiga vigelegele! Shangazi zangu waliruka juu. Mjomba Jailos machozi yakamlengalenga, akamshika bega. "Mkwe," akasema, "mtu kama wewe sijaona. Umemlea mtoto wa watu, umemsomesha, na leo hukutaka aonekane hana baba. Moyo wako tumeuona wote. Lakini baba wa kambo halishiki, mwanangu. Lirudishe mkekani, ukakae. Mungu akubariki."

Makofi. Nilimwangalia Adrian usoni, na niliona mdomo wake ukianza kutabasamu. Tabasamu lile lile la siku ya ndoa. Alikuwa amepata njia ya kutokea. Amesimama, kama alivyoahidi. Hakusema neno, kama alivyoahidi. Na sasa angeliweka chini arudi kwenye kochi akiwa Yusufu mara mbili. Hasira iliyonishika hapo sijawahi kuwa nayo, wala mstarini, wala sokoni. Nilijishika kwenye goti la mama ili niinuke.

Mama akanikalisha. "Binti hajaulizwa," akasema kwa sauti. "Jembe halirudi mkekani kabla binti hajaulizwa. Mleteni."

Severina akaletwa kutoka chumbani, kanga kichwani. Ni muuguzi hospitali ya Tosamaganga, amezoea kuingia kwenye vyumba ambavyo watu wamenyamaza. Alipiga goti, akawasalimia wakwe, kisha akainua macho.

"Severina," mjomba akasema, "umeona yaliyoletwa. Tupokee?"

Alitazama mkeka. Akatazama jembe tupu mkononi mwa Adrian, akalitazama tundu la mpini.

"Babu, kwanza naomba nimuulize Baba Obeid," akasema. Hivyo ndivyo anavyomwita, alivyofundishwa na watu. "Umelishika kama nani?"

Tabasamu la Adrian liliondoka.

"Kama baba yako," akasema.

"Baba yupi?"

Nilisikia kuku wakiparura nje. Macho ya Adrian yalianza kushuka kuelekea viatu, na Severina akasema, "Nitazame mimi," bila ukali, kama anavyomwambia mgonjwa anayedungwa sindano.

"Aliyekuzaa," Adrian akasema. "Ni mimi niliyekuzaa. Mama yako hakuwahi kuwa na mwingine."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama yangu alilivuta blanketi akajifunika mdomo. Mjomba Jailos aliutoa mkono wake begani mwa Adrian, akaupangusa kwenye koti lake.

"Rudia," akasema. "Wageni hawajasikia."

Akarudia. Alirudia kwa sauti, na sauti ikamvunjika katikati, na sikumhurumia. Nilikuwa nimeingoja kwa muda mrefu mno, ilipofika nikaona ni fupi. Maneno machache tu. Kumbe yangeweza kusemwa siku yoyote ile, hata pale nyuma ya jiko la shule.

Severina hakulia. Alimgeukia mjomba. "Pokeeni, babu."

"Kesi yako na sisi ipo," mjomba akamwambia Adrian. "Itasikilizwa wageni wakishaondoka, na haitakuwa fupi. Sasa, Baba Severina, mpini uko wapi?"

Baba Severina. Nilisikia jina hilo likisemwa nyumbani kwa mama yangu, na hasira yangu haikupungua hata chembe, ila ilikaa chini.

Adrian akasema upo mmoja, ameuegemeza nje mlangoni. Mjomba akamwambia huo wa dukani hautakiwi. Basi akatoka na suti yake, tukamsikia nyuma ya nyumba akikatakata mpera kwa panga, wakwe wakinywa chai. Aliporudi alikuwa na utomvu kwenye tai na kidole kinavuja damu. Mpini wenyewe ulikuwa umepinda. Aliutia kwenye jembe, akampa mjomba, mjomba akakataa kulishika, akamwonyesha Severina.

Severina alilichukua, akalitikisa. Jembe likacheza.

"Limelegea, baba," akasema. Alisema baba. Kisha akautoa mpini, akamrudishia. "Kachonge mwingine."

Adrian alinitazama, akisubiri nimtetee. Nikaendelea kukunja kanga iliyokuwa imefunga jembe. Akatoka tena, na nikamsikia akizunguka uani, anauliza wapishi nani amechukua panga. Nilikuwa nimelichukua mimi nilipotoka na vikombe vya chai, yeye akiwa ndani anatia mpini, lilikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Sikumwambia.